Maji Yanapoamua Dume Azaliwe
Viumbe wadogo wa Ziwa Victoria, kemikali za binadamu na afya ya wakazi wa Mwanza

Usiku usio na mbalamwezi, maji ya Ziwa Victoria mbele ya jiji la Mwanza hujaa taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za umeme wa jua. Kunapopambazuka, mazao ya usiku huo huanikwa, hufungwa magunia na kupelekwa soko la Mwaloni, Kirumba, na kutoka hapo husafirishwa mikoani na nchi jirani. Mnunuzi anayechambua dagaa wake nyumbani hukuta uduvi wachache wamechanganyika humo, huwatupa au huwapika pamoja, wala hawafikirii tena.

Hata hivyo, uvuvi wote huo umejengwa juu ya jamaa wa uduvi hao. Mwanga wa taa huwavuta juu viumbe wadogo wanaoelea majini, nao dagaa huwafuata kwa sababu ndio chakula chao. Tumbo la dagaa likipasuliwa na kutazamwa kwa hadubini, huonekana limejaa viroboto-maji na kopepodi, wanyama wa ukoo mmoja na kaa na kamba, ambao wengi wao hawafikii urefu wa milimita mbili. Afya ya mtoto anayelishwa uji wenye unga wa dagaa, kwa hiyo, inategemea uzazi wa viumbe ambao mama yake hajapata kuwaona.

Uzazi huo una tabia ya pekee. Kwa binadamu, jinsia ya mtoto huamuliwa na kromosomu siku mimba inapotungwa, na hali ya hewa au ya maji haina neno. Kwa kiroboto-maji ni kinyume chake. Maji ndiyo yanayoamua kama dume atazaliwa, na kwa hiyo kama kutakuwa na kujamiiana kokote. Jambo hilo, linaloonekana kuwa la wanabiolojia peke yao, linamgusa moja kwa moja mtu yeyote anayelala ndani ya chandarua chenye dawa katika Mkoa wa Mwanza.

Ukoo wa majike

Kiroboto-maji wa jenasi ya Daphnia, anayepatikana ziwani, kwenye malambo na hata kwenye madimbwi yanayodumu wiki chache, huishi sehemu kubwa ya maisha yake bila kumhitaji dume. Chakula kikiwa tele na nafasi ikiwapo, jike hutoa mayai yasiyorutubishwa na kuyalea katika kifuko kilicho mgongoni. Baada ya siku chache hutoka watoto majike, kila mmoja akiwa nakala ya mama yake. Nao hukua upesi na kufanya vivyo hivyo. Katika maji yenye joto kama ya Mwanza, lambo lililoonekana tupu mvua za kwanza ziliponyesha huweza kujaa viroboto-maji kabla ya mwezi kwisha.

Njia hiyo ni ya haraka, lakini ina hatari yake. Nakala zote zina nguvu zilezile na udhaifu uleule. Kimelea kinachomweza mmoja kinawaweza wote. Ukame unaomuua mmoja unawaua wote. Ndiyo sababu hali inapogeuka, ukoo huo wa majike hubadili mwenendo. Mama yuleyule, akiwa na vinasaba vilevile, huanza kuzaa madume. Majike wengine hutengeneza mayai ya aina nyingine, ambayo hayawezi kukua mpaka yarutubishwe. Hapo ndipo dume anapopata kazi: huogelea huku na huko akitafuta jike aliye tayari, hujishikiza kwake kwa muda mfupi, kisha huendelea na safari.

Alama anazozisoma mama

Ni nini kinachomwambia mama kwamba wakati umefika? Utafiti wa miaka mingi katika maabara umeonyesha alama tatu kubwa: msongamano, upungufu wa chakula, na kupungua kwa saa za mwanga wa mchana. Katika nchi za baridi, alama ya mwanga ina nguvu sana, kwa kuwa siku zinapofupika majira ya baridi yanakaribia. Mwanza, iliyo takriban nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, haina kalenda ya namna hiyo. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi kuliko zote haifiki nusu saa. Viumbe wa huku hulazimika kutegemea zaidi alama za maji yenyewe: wingi wa wenzao, uchache wa mwani wanaoula, joto, na kupungua kwa kina.

Msongamano husomwa kwa kemia. Kila kiroboto-maji hutoa taka zake majini. Wakiwa wengi katika maji machache, taka hizo hukolea, na mama huziona kama dalili kwamba mambo hayatadumu. Dalili hizo zikitimia, mwili wa mama huongeza homoni iitwayo methili fanesoeti, iliyo ndugu wa karibu wa homoni ya ujana inayopatikana kwa wadudu. Homoni hiyo ikilifikia yai katika saa chache za mwisho kabla halijaingia kwenye kifuko, yai hilo litakuwa dume. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walionyesha kwamba swichi inayowashwa ndani ya kiinitete ni jeni iitwayo doublesex, ambayo jamaa zake hushiriki katika kujenga uanaume kwa wanyama wa aina nyingi sana. Jeni hiyo ikiwaka, dume hutokea. Isipowaka, huzaliwa jike. Vinasaba ni vilevile, tofauti ikiwa ni ujumbe uliotoka majini kupitia kwa mama.

Mayai yanayosubiri

Tunda la kujamiiana huko si watoto wa papo hapo. Katika Daphnia, jike hufungasha mayai mawili tu yaliyorutubishwa ndani ya kijaluba kigumu, cheusi, kinachotokana na gamba la mgongo wake. Kijaluba hicho huzama topeni au huelea na kunata kwenye miguu ya ndege. Kinastahimili ukavu, kinastahimili kupita katika tumbo la samaki, na katika maziwa mengine mayai ya namna hiyo yameanguliwa baada ya kulala matopeni kwa karne kadhaa.

Historia ya spishi moja inayoishi katika Ziwa Victoria inaeleza vizuri uwezo huo. Mwaka 1885 mwanasayansi wa Norway, Georg Ossian Sars, alieleza spishi mpya aliyoiita Daphnia lumholtzi. Hakuwa amekwenda kuivua. Alitumiwa tope kavu kutoka Australia na mwenzake Carl Lumholtz, akalitia maji nyumbani, na viumbe wakaanguliwa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, spishi hiyohiyo ilionekana katika mabwawa ya Texas, Marekani, mahali ambapo haikuwa ya asili. Wanasayansi walitoa hoja kwamba huenda ilisafiri pamoja na sangara waliochukuliwa kutoka Ziwa Victoria na kupelekwa huko mwaka 1983. Kama ndivyo ilivyokuwa, uamuzi wa kujamiiana uliofanywa katika maji ya Afrika Mashariki ulitosha kuanzisha ukoo mpya upande wa pili wa dunia.

Kuchagua kwa macho, kuchagua kwa harufu

Ziwa Victoria lenyewe lilikwisha kutoa ushahidi mashuhuri kwamba hali ya maji hugeuza tabia ya kujamiiana. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika kwa sehemu kubwa katika Ghuba ya Mwanza, kuhusu samaki wanaojulikana huku kama furu. Majike wa furu huchagua madume wa spishi yao kwa kutazama rangi. Mbolea, udongo unaomomonyoka na maji taka vilipoongeza mwani na tope, mwanga ulipungua majini na rangi zikafifia. Palipokuwa na ukungu huo, madume hawakuwa na rangi kali kama wale wa maji maangavu, na spishi zilikuwa chache. Jike asiyeona vizuri hachagui vizuri, na mipaka kati ya spishi hulegea.

Kopepodi na viroboto-maji hawachaguani kwa rangi. Wao huishi katika dunia ya harufu na mguso. Dume wa kopepodi hufuata njia ya kemikali iliyoachwa na jike anayeogelea, pamoja na mitetemo midogo ya maji, kisha humshika kwa papasi zake na kumbandika kifurushi cha mbegu. Katika jamii ya Saiklopu, iliyo na wingi mkubwa katika Ziwa Victoria, jike huweza kuzihifadhi mbegu hizo na kuzitumia kwa mikupuo kadhaa ya mayai, anayoyabeba katika vifuko viwili vinavyoning'inia ubavuni kama mizigo ya punda. Kwa kiumbe wa namna hii, uchafuzi unaogusa uzazi si lazima uonekane kwa macho. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yakawa yamebeba ujumbe wa uongo.

Vifuko vya mayai na kipindupindu

Kwa mganga, kopepodi jike aliyebeba mayai si picha ya biolojia tu. Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, hupenda kunata kwenye kaitini, ile dutu ngumu inayojenga gamba la jamii ya kaa na kamba. Watafiti waliofanya kazi nchini Bangladesh waliwakuta wakinata hasa kuzunguka mdomo wa kopepodi na juu ya vifuko vya mayai. Kiumbe mmoja huweza kubeba maelfu. Anayekunywa maji ya ziwa bila kuyatibu huweza kumeza mzigo huo wote katika funda moja.

Kutokana na ujuzi huo, Rita Colwell na wenzake walijaribu jambo jepesi: kuwafundisha akina mama wa vijiji 65 kuchuja maji kwa kitambaa cha sari kuukuu kilichokunjwa angalau mara nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Bakteria mmoja mmoja hupenya kwenye kitambaa. Kopepodi waliowabeba hawapenyi.

Mwambao wa Mwanza hauko nje ya habari hii. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulifika hadi mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliowapata Vibrio cholerae wa kundi la O1 wenye uwezo wa kutoa sumu katika samaki, mwani wanaoelea na maji ya Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Chanzo cha milipuko hubakia kinyesi cha binadamu kinachofika majini, na kinga ya kwanza hubakia choo, maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini, na mikono iliyonawa kwa sabuni. Kitambaa hakichukui nafasi ya hayo. Lakini pale ambapo kuni ni haba na klorini imekwisha, kuchuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne ni afadhali kuliko kunywa maji yalivyo. Kinga ya namna hiyo ilikwisha kusaidia kanda hii: kuchuja maji ili kuwaondoa kopepodi kulikuwa miongoni mwa mbinu zilizoimaliza minyoo ya Guinea nchini Uganda, iliyothibitishwa kuwa huru na ugonjwa huo mwaka 2009. Kenya nayo ilithibitishwa mwaka 2018.

Dawa inayojua lugha ya mama

Januari 2019, katika Wilaya ya Misungwi, kusini mwa jiji la Mwanza, kaya ziligawiwa vyandarua vya aina nne katika jaribio kubwa lililoshirikisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza. Sababu ilikuwa nzito. Mbu walikwisha kuzoea dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo kwa miaka mingi ndizo zilizokuwa tegemeo la vyandarua. Aina moja ya vyandarua hivyo ilichanganywa na piriproksifeni, dawa inayoiga homoni ya ujana ya wadudu. Mbu jike anayeigusa huweza asife, lakini uzazi wake huharibika.

Matokeo yalitolewa mwaka 2022. Miezi 24 baada ya ugawaji, maambukizi ya malaria miongoni mwa watoto yalikuwa asilimia 45.8 kwa waliotumia vyandarua vya pairethroidi peke yake, na asilimia 37.5 kwa waliotumia vile vyenye piriproksifeni, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa thabiti. Vyandarua vilivyotiwa klofenapiri ndivyo vilivyofanya vizuri zaidi, kwa asilimia 25.6. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa nguvu vyandarua vya klofenapiri palipo na mbu sugu, na kwa masharti vile vya piriproksifeni.

Hapa njia mbili zinakutana. Dawa inayoiga homoni ya ujana ya mbu huiga pia homoni ile ambayo kiroboto-maji huitumia kuamua jinsia ya watoto. Watafiti wa Japani walilionyesha jambo hilo mwaka 2003: Daphnia waliowekwa katika maji yenye kiasi kidogo sana cha piriproksifeni walianza kuzaa madume, ingawa chakula kilikuwapo na nafasi ilikuwapo. Idadi ya watoto nayo ilipungua. Mama alikuwa ameletewa habari ya njaa isiyokuwapo. Madume walizaliwa wakati ambapo majike ndio waliohitajika ili kuujaza upya ukoo.

Ni vema kupima jambo hili kwa mizani iliyo sawa. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na dawa inayotoka kwenye chandarua kimoja kilichofuliwa Nyegezi hupotea humo. Shirika la Afya Duniani limeruhusu piriproksifeni kutumika hata katika vyombo vya maji ya kunywa, kwa kipimo kisichozidi miligramu 0.01 kwa lita, ili kuzuia viluwiluwi vya mbu. Kwa binadamu ni miongoni mwa dawa salama zaidi za aina yake. Mahali penye hoja ni lambo na jaruba. Vijiji vya Misungwi, kama vijiji vingi vya Usukumani, hutegemea malambo madogo kwa mifugo, kwa kufulia, na mara nyingine kwa kunywa. Vyandarua kadhaa vikifuliwa humo wiki moja, maji ni machache, na wanaoishi humo hawana pa kukimbilia. Tena piriproksifeni si pekee. Pairethroidi, iliyomo karibu katika kila chandarua chenye dawa, haiwadanganyi viumbe hawa kuhusu jinsia. Huwaua kabisa, kwa kuwa jamii ya kaa na kamba ina udhaifu uleule wa wadudu mbele ya dawa hiyo.

Viroboto-maji wakipungua katika lambo, mwani wanaoliwa nao hubaki bila mlaji na maji huelekea kuwa ya kijani. Vifaranga vya samaki navyo hukosa chakula cha siku zao za kwanza.

Beseni, shimo na kitambaa

Hakuna hata moja kati ya hayo linalompa mtu sababu ya kuacha chandarua. Malaria huua watoto, na chandarua ni miongoni mwa vitu vichache vilivyothibitika kuizuia. Kinachotakiwa ni kuongeza sentensi mbili au tatu katika maelezo ambayo mama hupewa kliniki anapokabidhiwa chandarua chake.

Sentensi ya kwanza ni kwamba chandarua kifuliwe nyumbani, ndani ya beseni, kwa sabuni ya kawaida isiyo kali, wala kisipelekwe ziwani, mtoni au lamboni. Ya pili ni kwamba maji yaliyofulia yamwagwe chooni au katika shimo kwenye ardhi kavu, mbali na kisima na mbali na maji ya mifugo. Kufua mara chache kunatosha. Kila kufua hupunguza dawa inayomlinda mtoto, kwa hiyo anayelinda maji analinda pia uwezo wa chandarua. Ya tatu yahusu chandarua kilichochakaa: kisigeuzwe wavu wa kuvulia dagaa. Macho yake madogo huchukua samaki wachanga na uduvi waliobeba mayai, na mabaki ya dawa huingia majini kwa mkono wa mvuvi mwenyewe.

Kwa upande wa wataalamu, maabara zinazopima dawa za kuua wadudu kabla hazijaruhusiwa zimezoea kuanza na swali hili: ni kiasi gani kinamuua kiroboto-maji? Swali hilo halitoshi kwa dawa zinazoiga homoni. Inafaa pia kuhesabu waliozaliwa, na kati yao madume ni wangapi. Kazi hiyo haihitaji mashine za gharama. Inahitaji hadubini, gilasi za maji, mwani wa kulishia na mtu mwenye subira, vitu ambavyo chuo chochote cha afya kilicho karibu na ziwa kinaweza kuvipata.

Mwanafunzi atakayeketi mbele ya hadubini hiyo akiwa na maji ya lambo la Misungwi atamtambua dume kwa udogo wake na kwa papasi zake za mbele zilizo ndefu kuliko za jike. Akimwona mmoja mmoja wakati lambo linakauka, hilo ni jambo la kawaida, nao wametimiza kazi waliyozaliwa kwayo. Akiwaona wengi wakati maji ni tele, chakula kipo na mvua bado zinanyesha, ana sababu ya kuinuka, kwenda kijijini na kuuliza kwa upole vyandarua vinafuliwa wapi.